Nyota Hafifu na Shahidi wa Kweli



Mara kwa mara habari hufika katika sharika zetu ya kwamba nyota yenye mkia yaonekana angani. Ndipo watu hutoka nje jioni na kuinua nyuso zao. Baada ya kitambo mmoja husema, "Naiona." Wa pili husema, "Mimi sioni kitu." Wa tatu, kwa kuwa hapendi kuachwa nyuma, husema, "Hata mimi nimeiona," naye atazama upande mwingine kabisa. Twacheka tukiyakumbuka hayo. Lakini ndani yake limo swali lisilo la mchezo, nalo ndilo tutakalo kulifikiri pamoja nanyi mwezi huu. Yampasaje mtu kulishuhudia jambo alionalo kwa shida? Je, aseme ameona, au anyamaze mpaka aone vema? Na yule asiyeona kitu, ila awaamini wenzake, je, aweza kusema, "Tumeona"?

Swali hili lamhusu kila mtu, lakini latuhusu zaidi sisi tulio walimu wa watu, maana kazi yetu yote ni ushuhuda.

Kwanza yafaa tueleze jambo lenyewe. Nyota yenye mkia si kimondo. Kimondo hupita upesi, kufumba na kufumbua, kikatoweka. Nyota yenye mkia hukaa angani majuma, hata miezi, ikisogea kidogo kidogo kati ya nyota nyingine, usiku baada ya usiku. Wala si nyota kwa kweli, ingawa tumezoea kuiita hivyo. Ni donge la barafu na vumbi lizungukalo jua, na njia yake mara nyingi ni ndefu na nyembamba sana. Likiwa mbali na jua ni baridi na giza. Likikaribia, joto hugeuza barafu yake kuwa mvuke, na mvuke huo pamoja na vumbi hulifunika kama ukungu. Kisha ukungu husukumwa nyuma ukawa mkia, ambao siku zote huelekea upande usio wa jua. Zilizo nyingi hazing'ai hata kidogo kwa macho matupu. Huonekana kwa darubini tu, kama doa la moshi mweupe.

Mwenye kuitafuta nyota hafifu ya namna hii hupewa msaada na wajuzi wa hesabu. Wao humwambia: usiku huu itakuwa karibu na nyota fulani, kesho itakuwa imesogea kadiri hii, kesho kutwa kadiri ile. Njia yake ikiisha kupimwa vema, mahali pake hujulikana kwa hakika kubwa. Lakini mng'ao wake haujulikani hivyo. Mwaka 1973 watu waliahidiwa mng'ao mkubwa wa nyota iliyoitwa Kohoutek, nao wengi walitoka nje wasione kitu cha kuwatosha. Mwaka 2013 nyingine, jina lake ISON, ilitazamiwa kwa matumaini mengi. Hata tarehe 28 Novemba ilipopita karibu sana na jua ilivunjika, ikaisha. Hesabu ya njia haikukosa. Kilichokosa ni makisio ya mng'ao. Tuyaweke haya moyoni, maana tutayarudia.

Tena mtazamaji ana kazi ya kuyafundisha macho yake. Yampasa kukaa gizani kama nusu saa kabla macho hayajawa tayari. Yampasa kuchagua usiku usio na mbalamwezi. Nuru ya nyota yenye mkia haikukusanyika mahali pamoja kama ya nyota nyingine, bali imetawanyika. Chumvi ile ile iliyokolea katika kikombe huwa haionjeki katika mtungi. Hata asiikazie macho, bali atazame kando kidogo, kwa kuwa pembe ya jicho huhisi nuru hafifu kuliko katikati yake. Na hapo ndipo penye hatari. Mtu atazamaye kwa hamu kuu mahali alipoambiwa, huanza kuona alichoambiwa. Jicho lake halimdanganyi kwa ubaya. Lamfanyia hisani tu. Kwa sababu hiyo watazamaji waaminifu huchora nyota za mahali pale katika karatasi, wakatia alama pale walipoona doa, kisha hurudi usiku wa pili. Lile doa likiwa limesogea, wamepata. Lisiposogea, wameona kitu kingine.

Basi, mtu aweza kukosa kwa kusema zaidi ya aliyoyaona. Katika jambo hili hatuna haja ya kutafuta mfano kwa watu wa nje, maana tunao katika Kanisa letu wenyewe. Mwaka 1577 nyota kubwa yenye mkia ilionekana, watu wakaogopa sana. Mwaka uliofuata Andreas Celichius, kiongozi wa Kanisa la Kilutheri katika nchi ya Altmark huko Ujerumani, alitoa kitabu akifundisha ya kwamba nyota za namna hiyo ni moshi mzito wa dhambi za wanadamu, upandao mbele za Mungu mpaka ukawashwa kwa hasira yake. Nia yake hatuidharau. Alitaka watu watubu. Lakini mwaka 1579 mtaalamu mmoja wa asili ya Hungaria, Andreas Dudith, alijibu kwa neno fupi: kama nyota hizo zatokana na dhambi za watu, basi mbingu zisingekosa kuwa nayo hata siku moja.

Wakati ule ule Tycho Brahe wa Denmark, naye Mlutheri, hakuuliza kwanza nyota ile yatangaza nini. Alipima. Watu wawili waliosimama mbali mbali wakiutazama mti mmoja huuona ukielekea sehemu mbili tofauti za kilima kilicho nyuma yake. Na mti ukiwa mbali sana tofauti hiyo yapungua. Brahe alilinganisha vipimo vyake na vya mtu aliyetazama kutoka mji wa Prague, akaona ya kwamba nyota ile ilikuwa mbali kuliko mwezi, wala si moshi wa hewani. Torati yataka mashahidi wawili ili neno lithibitike. Ndivyo ilivyokuwa hapa.

Labda msomaji atauliza, "Je, Bwana wetu hakusema juu ya ishara katika jua na mwezi na nyota?" Alisema, nasi twaliamini neno lake. Lakini yeye yule, alipowataja watu walioangukiwa na mnara huko Siloamu, alikataa kuwahesabu kuwa wakosaji kuliko wenzao, akawageuzia waulizaji neno la toba. Celichius aliutaka mwisho huo huo, yaani toba, lakini aliujenga juu ya jambo ambalo hakuna aliyemwonyesha. Na toba iliyojengwa juu ya moshi huondoka pamoja na moshi. Mtu aliyetubu kwa kuogopa nyota atafanya nini nyota ikiisha kwenda zake?

Sasa tutazame mfano ulio bora. Mwingereza Edmond Halley alichunguza vipimo vya zamani, akaona ya kwamba nyota zenye mkia za miaka 1531, 1607 na 1682 zilipita njia karibu moja. Mwaka 1705 alitangaza ya kuwa si tatu bali ni moja, nayo itarudi karibu na mwaka 1758. Alikufa mwaka 1742 asiione. Mwaka wenyewe ulipokaribia, Wafaransa watatu, Alexis Clairaut na Jérôme Lalande na mwanamke mwenye akili nyingi za hesabu, Nicole-Reine Lepaute, walifanya hesabu kwa muda wa miezi mingi. Wakaona ya kwamba uzito wa sayari Mshtarii na Zohali ungeichelewesha nyota ile siku 618. Mwezi wa Novemba 1758 Clairaut alitangaza ya kwamba itakaribia jua katikati ya Aprili 1759, akakiri mbele ya watu kwamba aweza kukosa kwa muda wa mwezi mmoja. Ilikaribia jua tarehe 13 Machi. Tazameni unyofu huo: alisema ajualo, na kadiri asiyoijua akaitaja pia.

Lakini aliyeiona kwanza hakuwa mmoja wa hao. Alikuwa mkulima, Johann Georg Palitzsch, wa kijiji cha Prohlis karibu na mji wa Dresden, katika Saxony, nchi ya Matengenezo ya Kanisa. Elimu ya nyota alijifunza mwenyewe kwa vitabu. Nchi yake ilikuwa katika vita. Mwezi wa Novemba mwaka ule viunga vya Dresden viliteketezwa kwa moto na majeshi. Ikiwa kuna watu waliokuwa na sababu ya kuona ishara za kutisha angani, ndio hao. Jioni ya tarehe 25 Desemba 1758, siku ya Noeli, Palitzsch alitazama kwa darubini yake, kama ilivyokuwa desturi yake, na katika kundi la nyota liitwalo Samaki aliona doa hafifu la ukungu mahali ambapo zamani hakuona kitu. Hakupiga mbiu ya vita wala ya mwisho wa dunia. Alizidi kuitazama siku zilizofuata, akawaambia wenzake aliyoyaona.

Alijuaje? Si kwa kuwa macho yake yalikuwa makali kuliko ya watu wote, bali kwa kuwa aliyajua mahali pale siku zote, hata siku ambazo hapakuwa na jambo jipya. Mtu asiyejua shamba lake likoje siku za kawaida, atajuaje ya kwamba mgeni amepita ndani yake? Walimu wenzangu, kuzisoma sura za Biblia ambazo kwa leo hatuoni faida yake si kazi bure. Ndiko kuyajua mahali.

Tena mtu aweza kukosa kwa kusema pungufu ya aliyoyaona. Huko Paris Charles Messier aliitafuta nyota ile ile karibu mwaka na nusu kwa amri ya bwana wake, Joseph-Nicolas Delisle, kwa kufuata ramani aliyomchorea. Ramani ilikuwa na makosa, naye hakuipata. Mwezi wa Agosti 1758 aliona doa hafifu katika kundi la nyota liitwalo Ng'ombe, lakini halikusogea. Lilikuwa kitu kingine. Hapo alianza kuandika orodha ya vitu hafifu vifananavyo na nyota yenye mkia lakini sivyo, ili wengine wasidanganyike. Mwaka 1781 orodha hiyo ilikuwa na vitu 103. Kilimia chetu, kilichowaongoza wakulima wetu kujua majira ya kulima, kimo katika orodha hiyo, nacho ni cha 45. Naona hiyo ni kazi ya heshima kubwa: mtu kuandika wazi mambo yaliyomdanganya au yawezayo kudanganya, kwa ajili ya ndugu zake.

Hata tarehe 21 Januari 1759 Messier aliiona, karibu mwezi mmoja baada ya Palitzsch, ambaye habari zake hazijafika Paris. Lakini Delisle alimkataza kuitangaza. Messier alitii. Akaitazama peke yake mpaka katikati ya Februari, ilipozama katika mwanga wa jua, na wenzake huko Paris hawakupata nafasi ya kuitazama. Mwezi wa Aprili habari za Saxony zilipofika, ndipo Delisle alipofungua kinywa. Na baadhi ya wenzao hawakutaka kuyakubali maneno yake. Nani angeyathibitisha? Siku za kuyathibitisha zilikuwa zimepita.

Je, Messier alitenda dhambi? Hapa Katekismo yatuweka mahali pagumu, maana Amri ya Nne yatufundisha kuwaheshimu wazazi na wakubwa wetu, na Amri ya Nane yatulinda tusimtendee jirani uongo. Sisi twaona hivi. Aliye chini ya mkubwa aweza kungoja, tena aweza kusihi. Na mzigo mkubwa wamlemea yule aliyefunga kinywa cha mwenziwe. Messier hakusema, "Sikuona." Kunyamaza kuna tofauti na kukana. Lakini kunyamaza nako kuna mwisho wake, hasa kukiwanyima wengine wasione kwa macho yao kitu kilichowekwa juu ya vichwa vya watu wote. Mzee wa kanisa akimwambia mwalimu, "Usiseme," yampasa mwalimu kumwuliza kwa adabu, "Hata lini? Na ni nani atakayeumia tukinyamaza?" Na yule mzee aliyeamuru yampasa kukumbuka ya kwamba, siku atakapotaka kuaminiwa, huenda asiaminiwe.

Sasa twaja kwa jambo lililo zito zaidi. Mwalimu aweza kusema, "Haya ya nyota nimeyakubali. Lakini mimi nahubiri mambo yasiyoonekana. Imani si kuona. Nikisema tu niliyoyaona, nitahubiri nini?" Tena yuko mwingine asiyesema, lakini moyoni mwake ajua ya kwamba siku hizi nuru ya imani yake ni hafifu mno. Aitwa kwa mgonjwa usiku. Mgonjwa amshika mkono, amwuliza, "Mwalimu, wewe mwenyewe una hakika?" Atajibu nini? Akipaza sauti na kujifanya aona kama mchana, asema zaidi ya aliyoyaona, na mgonjwa, ambaye macho yake yamefunguliwa na mauti, huenda akaujua uongo huo. Akisema, "Sijui," asema pungufu, tena amwacha ndugu yake gizani peke yake.

Tukumbuke lile tuliloliweka moyoni: mahali pajulikana, mng'ao haujulikani. Mungu ametuambia wapi tumtafute. Katika Neno lake, katika Ubatizo, katika Meza ya Bwana, yupo, kama alivyoahidi, nasi twaweza kumwonyesha kila mtu mahali hapo bila kusitasita. Lakini hakutuahidi ya kwamba mioyo yetu itaona mng'ao ule ule kila usiku. Mtume Paulo mwenyewe alikiri ya kwamba sasa twaona kama kwa kioo, kwa fumbo. Yule baba aliyemletea Bwana mwanawe mgonjwa aliikiri imani yake na upungufu wake kwa pumzi moja, na Bwana hakumfukuza, alimponya mtoto. Basi mwalimu na amjibu mgonjwa, "Ndugu yangu, naona kidogo, lakini nimeona. Na mahali pake napajua, maana Bwana ametuambia. Tutazame pamoja." Jibu hilo ni la kweli, nalo lambeba mtu kuliko makelele.

Imani, basi, haiongezi kitu juu ya yale macho yaliyoyaona, wala haimruhusu mtu kupamba. Imani humpeleka mtu mahali alipoambiwa na kumfanya arudi usiku wa pili. Halley hakusema, "Nimeiona ikirudi." Alisema itarudi, akafa katika neno hilo, na neno halikuanguka. Kama hesabu ya mwanadamu yaweza kumtuliza mtu hivyo, je, si zaidi ahadi ya Mungu?

Haya tuyafanye katika mambo madogo kwanza, kwa kuwa huko ndiko tunakozoezwa. Mwalimu akiandika taarifa ya mwezi, wasikilizaji wakiwa sitini, na aandike sitini, asiandike mia kwa kupenda sifa ya mtaa wake. Mtu akisimulia ndoto katika ibada, na aseme ni ndoto, asiifanye kuwa amri ya Mungu juu ya wenzake. Akisikia habari mbaya ya jirani, asiseme "nimeona" ikiwa aliambiwa sokoni. Akiwa ameona jirani ametendwa vibaya, asijifiche nyuma ya "sikuona vizuri." Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na ya shahidi wa kweli huweza kuwa ndefu, tena ya upweke, lakini mwisho wake wengine huja na kuona waliyoambiwa.

Ile nyota ya Halley ilirudi mwaka 1835, na 1910, na 1986. Mwezi wa Desemba 2023 ilifika mwisho wa njia yake, mbali na jua kuliko sayari Neptuni, ikageuka. Sasa yaja. Haionekani kwa macho ya mtu yeyote katika nchi yetu, na wengi wetu tulio wazima leo hatutakuwapo itakapokaribia jua katika Julai 2061. Lakini watoto tunaowabatiza mwaka huu, Mungu akiwajalia uhai, watatoka nje jioni na kuinua nyuso zao. Tuwafundishe tangu sasa kusema, "Naona," wanapoona, na kusema, "Bado," wasipoona, na kumpisha mwenzao mahali pazuri pa kusimama.

Na Mungu, aliyezihesabu nyota na kuzipa zote majina, atulinde tuwe mashahidi wake wa kweli, hata siku ile tutakapoona uso kwa uso. Amina.